Bastola Haijui Bei Yake

Binamu yangu aliliweka boksi mezani, katikati ya sahani za ugali, akalifungua taratibu kama mtu anayefungua kisanduku cha pete ya uchumba. Ilikuwa Jumapili mjini Columbus, Ohio, theluji imeziba nusu ya dirisha, na ndani ya boksi ilikuwemo bastola ya dola 2,500.

"Hii haikwami," akasema. "Na inapiga pale pale unapoangalia. Kitu cha kukuokoa roho, bwana mdogo, hakiulizwi bei."

Mkewe hakusema neno. Aliondoa sahani, akamnyanyua mtoto wao wa miaka minne aliyekuwa ameshaanza kunyoosha mkono, akaenda naye chumbani na kufunga mlango.

Nimekuwa nikibishana naye kuhusu maneno yale tangu siku hiyo. Mezani kwake huwa nashindwa kwa sauti, kwa hiyo nitabishana naye hapa. Ninachodai ni hiki: bastola ya dola 2,500 haina shabaha bora kuliko ya dola 550 kwa kiasi chochote kitakachomfaa mtu kama yeye, na kuna mazingira ambayo ile ya bei ndiyo itakayokwama kwanza. Pesa iliyozidi imenunua ufundi wa kweli, sikatai. Lakini imenunua pia kitu ambacho hakimo ndani ya boksi, nacho ni ruhusa ya kutofanya mazoezi.

Nieleweke. Silaumu hofu yake. Anafanya kazi zamu ya usiku kwenye kituo cha mafuta, peke yake nyuma ya kaunta, na wiki mbili kabla ya kununua, mwenzake wa zamu nyingine alielekezewa mtutu usoni kwa ajili ya dola mia na ushee. Kama mtu wa namna hiyo anapaswa kuwa na silaha kabisa, hilo ni suala jingine, na shemeji yangu ana msimamo wake ambao mimi naukaribia zaidi kila mwaka. Ugomvi wangu wa leo ni na wale waliomfikisha kwenye dola 2,500. Alianza na wazo la bastola ya dola 180. Akatuma picha yake kwenye kundi la WhatsApp la vijana wa nyumbani, wakamcheka siku nzima. Mmoja aliiita kipande cha bomba. Mwingine akamwuliza kama atawarushia majambazi hiyo bastola badala ya risasi. Baada ya hapo hakuwa ananunua silaha tena, alikuwa ananunua heshima, na heshima haina bei ya katikati.

Tuanze na shabaha, kwa sababu inapimika. Kuna chombo kinachoitwa Ransom Rest, ambacho hushika bastola kwa vyuma badala ya mkono, ili kinachopimwa kiwe bastola yenyewe. Bastola ya kawaida ya kiwandani ikifungwa humo huweka risasi zake ndani ya duara la sentimita 8 hivi kwa umbali wa mita 23, ambao ndio yadi 25 za Wamarekani. Bastola iliyolinganishwa na fundi kwa mkono, ya dola 3,000 na kuendelea, huweka ndani ya sentimita 4, na zipo zinazoshuka chini ya hapo. Huo ni ubora, na anayeshindana kwa medali anauhitaji. Sasa sogeza karatasi hadi mita 7, ambao ni umbali wa kaunta ya binamu yangu hadi mlango wa kioo. Duara la kwanza linakuwa sentimita 2 na nusu. La pili linakuwa sentimita moja na kidogo. Tofauti yao ni upana wa ukucha wa kidole gumba, nao umemgharimu dola 1,950.

Ukucha huo haumfai kitu, kwa sababu kati ya bastola na karatasi kuna binadamu. Mwaka 2008 taasisi ya RAND ilichapisha uchunguzi kuhusu polisi wa jiji la New York. Katika majibizano ya risasi kati ya 1998 na 2006, askari hao walilenga na kupata kwa wastani wa asilimia 18. Pale ambapo mshukiwa hakuwa akiwajibu kwa risasi, ilikuwa asilimia 30. Hawa ni watu waliofunzwa, wanaolipwa, wenye bastola za viwanda vyenye sifa duniani. Tarehe 24 Agosti 2012, nje ya jengo la Empire State, askari wawili walifyatua risasi 16 kumwelekea mtu mmoja mwenye silaha aliyekuwa hatua chache tu mbele yao. Walimuua. Wapita njia tisa walijeruhiwa, na majeraha yote tisa yalitokana na risasi za polisi au vipande vyake. Hakuna aliyeuliza kama zile bastola zingeweka duara la sentimita 8 au 4.

Nitamwachia binamu yangu hoja moja, kwa sababu ni ya haki: kifyatulio. Bastola ya bei huwa na kifyatulio chepesi na safi, kinachokatika kama kijiti kikavu, wakati cha bastola duni huburuta kama kreti ya soda kwenye sakafu ya saruji. Mkono wa mwanafunzi hunufaika na hilo. Polisi wa New York kwa miaka mingi walifungiwa kwa makusudi vifyatulio vya ratili 12, zaidi ya kilo 5, ili wasifyatue kwa bahati mbaya, na RAND wakasema wazi kwamba uzito huo unaharibu shabaha. Ila Glock ya dola 550 hutoka dukani na kifyatulio cha kilo 2 na nusu hivi. Kwa hiyo hata hoja yake bora haifiki dola 2,500. Inaishia 550.

Wengi mtakumbuka yule Mturuki wa Olimpiki ya Paris 2024, Yusuf Dikeç, aliyesimama mkono mmoja mfukoni, na miwani yake ya kawaida, akaondoka na medali ya fedha pamoja na mwenzake Şevval İlayda Tarhan. Mtandao mzima ulimfanya kielelezo cha mtu asiyehitaji vifaa. Mimi pia nilicheka na kusambaza. Lakini tulisoma picha nusu. Alichoacha nyumbani ni vile vioo vya kufunika jicho na madoido mengine, na bastola iliyokuwa mkononi mwake ilikuwa ya mashindano, yenye bei ya mashindano. Mtu yule alilipia ukucha kwa sababu kitovu cha shabaha yake, mita 10 mbele, kina upana wa milimita 11 na nusu. Na alikuwa na miaka mingi ya kuusimamisha ule mkono. Kama unazo pesa na unayo miaka, nunua. Binamu yangu alikuwa na pesa za mkopo na masanduku mawili ya risasi.

Kutokukwama ndiko kunakonipandisha hasira zaidi, kwa sababu hapo imani ya bei haishii kwenye kupitiliza. Mara nyingine inageuka uongo kabisa.

Mwaka 1911 jeshi la Marekani liliijaribu bastola ya John Browning kwa risasi 6,000 ndani ya siku mbili. Ilipopata moto mno waliitumbukiza majini ili ipoe, wakaendelea. Haikukwama hata mara moja. Bastola hiyo, iliyokuja kuitwa M1911, ilitengenezwa kwa nafasi za makusudi kati ya chuma na chuma. Ukiitikisa ile ya zamani ya kijeshi inalia kama kopo lenye kokoto. Kulegea huko ndiko kulikoruhusu tope na masizi yapite bila kushika. Sasa nenda kwa fundi wa leo anayeuza umbo lile lile kwa dola 3,500. Yeye ameondoa kulegea. Mtutu na ile sehemu ya juu inayorudi nyuma kila risasi inapotoka, wenyewe huiita slaidi, vimelinganishwa mpaka karatasi haipiti katikati. Hapo ndipo zinapopatikana zile sentimita 4. Na hapo ndipo inapopatikana pia bastola isiyopenda vumbi, na ambayo watengenezaji kadhaa hukuambia uipigie risasi 400 au 500 kwanza ili vyuma vizoeane, kabla ya kuitegemea. Tafakari hilo kidogo. Umelipa mara sita zaidi, halafu unaambiwa umalizie kazi ya kiwanda kwa risasi zako mwenyewe. Shabaha na uvumilivu huvutana kamba. Anayekuuzia vyote viwili kwa ukamilifu katika chuma kimoja anakuuzia ngano.

Upande wa pili wa kamba hiyo yuko Gaston Glock. Mtu huyu hakuwa fundi wa bastola. Alikuwa na karakana Austria, akitengeneza fimbo za mapazia na visu vya kijeshi, aliposikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba jeshi la nchi yake linatafuta bastola mpya. Mwaka 1982 aliwashinda watengenezaji wa jadi kwa bastola yenye fremu ya plastiki na vipande 34 tu. Wajuzi waliicheka kama kundi letu la WhatsApp lilivyocheka. Plastiki! Lakini vipande vichache maana yake ni vichache vya kuvunjika, na plastiki haishiki kutu. Ilikuwa rahisi kutengeneza na ngumu kuua, mambo mawili ambayo binamu yangu hawezi kuyaweka katika sentensi moja. Katika miaka hiyo hiyo Marekani kulikuwa na bastola ya kifahari iliyoitwa Bren Ten, iliyovaliwa na shujaa wa tamthilia ya Miami Vice, kila kijana akiitamani. Wateja wengi walioilipia walipokea bastola bila magazini. Magazini hayakuwepo, kiwanda kilishindwa kuyapata ya kutosha, na mwaka 1986 kampuni ilikuwa imefilisika. Sijui silaha isiyotegemeka kuliko ile isiyo na mahali pa kuweka risasi.

Na hiyo magazini ndiyo mahali ambapo watu hawaangalii. Bastola nyingi zinazokwama hazikwami kwa sababu ya mtutu au slaidi. Hukwama kwa sababu ya kale kaboksi ka bati kenye springi, ambako mdomo wake ukipinda kidogo risasi hupanda vibaya. Wanajeshi wa Marekani walijifunza hilo Iraq. Bastola yao, Beretta M9, ilikuwa imepita majaribio ya miaka ya 1980 sambamba na SIG P226, na kilichoamua mshindi ni jumla ya gharama. Ilikuwa bastola nzuri. Kisha serikali ikanunua magazini kwa bei ya chini, yenye rangi ya kukwaruza ndani iliyotakiwa na masharti ya jeshi lenyewe, na mchanga laini wa kule ukanata humo. Bastola ikatukanwa kwa kosa la kopo. Baadaye, jeshi lilipotafuta mrithi, SIG P320 ilishinda mwaka 2017. Zabuni yake ilitathminiwa kuwa ya dola milioni 169.5 dhidi ya milioni 272.2 za Glock, na mwaka huo huo kampuni ikalazimika kuwatangazia wateja wa kiraia marekebisho ya bure, kwa sababu bastola hiyo ikianguka kwa pembe fulani iliweza kufyatuka yenyewe. Nadhani mnaona kwamba hakuna mstari ulionyooka hapa. Mwaka mmoja nafuu inashinda, mwaka mwingine nafuu inaponza, na bei haikutabiri lolote kati ya hayo.

Najua jibu linalokuja: basi ile ya dola 180 ilikuwa na kosa gani?

Hapo lazima niwe mkali upande mwingine. Kuna sakafu, na chini ya sakafu watu huumia. Kuanzia miaka ya 1970 viwanda kadhaa vya familia chache kandokando ya Los Angeles, Raven, Jennings, Bryco, Davis, Lorcin, vilimwaga sokoni bastola ndogo za aloi ya zinki, za bei ya viatu. Sheria ya mwaka 1968 ilikuwa imezuia bastola za aina hiyo kuingia kutoka nje. Haikuzuia kuzitengeneza ndani, na pengo hilo likawa biashara. Moja ya bastola za Bryco ilikuwa na tabia ya kukwama ukiitoa risasi huku kizuizi cha usalama kimefungwa. Badala ya kurekebisha kukwama, wakabadili mpangilio: kuitoa risasi, lazima kwanza uondoe usalama. Mwaka 1994 huko California mtu mzima mmoja alikuwa akijaribu kuitoa risasi bastola hiyo ili nyumba iwe salama. Ilifyatuka, ikampiga mtoto wa miaka saba aliyekuwa karibu, na mtoto akapooza. Mwaka 2003 baraza la mahakama liliwapa upande wa watengenezaji na wauzaji mzigo wa zaidi ya dola milioni 20, na Bryco ikafilisika. Wasomaji wanaodhani ninatetea takataka, kisa hiki ndicho jibu langu.

Ila bastola iliyochekwa kwenye WhatsApp haikuwa ya kundi hilo. Ilikuwa Hi-Point, inayotengenezwa Mansfield, mwendo wa saa moja tu kutoka jikoni tulipokuwa. Ni mbaya kwa sura, hilo nakubali bila ubishi. Slaidi yake ni ya zinki na ni nzito kama nyundo, kwa sababu haina mfumo wa kufunga mtutu. Uzito peke yake ndio unaozuia slaidi isirudi mapema mno. Lakini kwa sababu hiyo hiyo mtutu wake umekazwa kwenye fremu na hauchezi, na mtutu usiocheza ni mwanzo mzuri wa shabaha. Walther PPK ya James Bond ina mtutu uliokazwa vile vile. Udhaifu wa Hi-Point uko kwenye magazini, kama ilivyo ada. Mimi nisingeichagua. Ningesimama kwenye 550. Lakini anayeicheka kwa sababu ya bei tu hajui anachocheka.

Sisi Wakenya tunayo siku yetu ya kukumbuka. Tarehe 21 Septemba 2013, Westgate ilipovamiwa, miongoni mwa walioingia mapema kuokoa watu walikuwa raia wenye leseni na bastola zao za kiunoni, Abdul Haji akiwa mmoja wao. Bastola dhidi ya bunduki za kivita. Sijawahi kusikia mtu akiuliza zile bastola zilinunuliwa kwa shilingi ngapi. Na baadaye, vikosi vya serikali vilipofika vikiwa na silaha za gharama zaidi, polisi na jeshi walirushiana risasi kwa kutokutambuana, na afisa wa polisi akafa.

Mwezi Machi nilimshawishi binamu yangu twende kwenye uwanja wa shabaha. Alikuwa na bastola yake miezi minne, na alikuwa ameipiga risasi 50. Sheria ya Ohio, tangu Juni 2022, haimtaki mtu mzima aliyetimiza masharti awe na kibali wala mafunzo yoyote ili kuibeba bastola chini ya koti. Kabla ya hapo ilikuwa angalau saa 8. Risasi 10 za kwanza zilitawanyika karatasini kama punje za mahindi alizotupiwa kuku, nyingi zikiwa chini kushoto. Akaitazama bastola. Akasema ni aina ya risasi. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Mzee mmoja anayefundisha pale, mwanajeshi mstaafu, alikuwa akitutazama. Akaomba magazini. Akageuka, akaipakia mwenyewe, akachanganya risasi za kweli na mbili za bandia, bila kusema zimekaa wapi. Binamu yangu akapiga mbili. Ya tatu haikulia. Na kwa kuwa haikulia, tuliona kile ambacho mlio huficha: kidole kilipovuta, mkono wote uliruka kwa hofu, mdomo wa bastola ukatumbukia kuelekea sakafuni, chini kushoto, kama mtu aliyekosa ngazi ya mwisho gizani. Chuma kile kilicholinganishwa na fundi mpaka karatasi isipite kilikuwa kimelenga sakafu kwa usahihi mkubwa.

Mzee hakucheka. Alichukua bastola ya kukodisha ya pale uwanjani, chakavu, rangi imekwanguka, akapiga tano polepole. Matundu yote ningeyafunika kwa kifuniko cha chupa. Akasema dawa ya ule mruko ni risasi elfu chache na subira, na akataja ada yake ya somo.

Njiani nilimpigia binamu yangu hesabu. Dola 1,950 alizozidisha, kwa senti 30 kila risasi, ni risasi 6,500. Au ni masomo ya mzee kwa miezi, kasiki la kufungia bastola mbali na mtoto, ambalo hadi leo hana, boksi liko juu ya kabati la nguo, na bado kingebaki cha kumtumia shangazi yangu Nakuru, ambaye paa lake limevuja masika mawili. Alinyamaza mpaka tukafika kwenye maegesho ya nyumba yao. Nikadhani nimempata.

Wiki iliyopita ametuma picha kundini. Ni kilengeo kipya cha nukta nyekundu, kile cha kufunga juu ya slaidi, dola 400. Chini yake ameandika, "Wadau, tatizo lilikuwa hapa." Zimeshafika dole gumba kumi na moja.